Kazi ya Senta Mfupi

Katika mpira wa kikapu, senta mfupi akimshinda mrefu, watazamaji husema ana moyo. Hapa Kigali nimewasikia wakisema hivyo BK Arena pale Remera, na nimewasikia Club Rafiki kule Nyamirambo, wamesimama kando ya mstari. Wana nia njema, lakini sifa hiyo inampunja. Moyo hata shabiki anao. Mtu wa mita 1.96 anayemkaba wa mita 2.15 ana ujuzi, tena ujuzi wenye ada yake, inayolipwa kwa mbavu na magoti.

Achana na mpira, mtazame yeye. Shuti likitoka tu, wachezaji wengi huinua macho kuufuata mpira. Yeye humtafuta mtu wake kwanza. Anamwekea kigasha kifuani, anageuka, anamkalia mapajani, magoti yamekunjwa na nyonga yake iko chini ya nyonga ya yule mrefu. Kisha anarudi nyuma taratibu, hatua moja, mbili. Mrefu bado ana urefu wake wote, ila anao mahali ambapo mpira hauendi. Ribaundi hiyo imeamuliwa sakafuni kabla mpira haujagusa chuma. Na mara nyingi si yeye anayeidaka: gadi hupita akauchukua mpira kama embe lililodondoka, na karatasi ya takwimu ikamwandikia gadi.

Sheria nayo iko upande wake, mradi aijue. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, humpa mchezaji haki ya mahali alipowahi kusimama kihalali, pamoja na nafasi iliyo juu yake. Anayekuja baadaye akampandia mgongoni amefanya faulo, hata kama mikono yake inafika kwenye ringi bila kuruka. Ndiyo maana senta mfupi mzuri ni mtu wa kuwahi. Husimama mbele ya mrefu badala ya nyuma yake, mpiga pasi akalazimika kurusha mpira wa juu, na mpira wa juu huchelewa kufika. Ndani ya kuchelewa huko mwenzake ameshakuja kusaidia.

Club Rafiki nilimwona jamaa mmoja wa makamo, mabega mapana, akichezeshwa senta kwa sababu tu timu yao haikuwa na mwingine. Alipewa amkabe kijana aliyempita kichwa kizima. Kijana akapokea mpira, akampa mgongo, akaanza kumsukuma kuelekea ringi: mdundo, bega, mdundo, bega. Jamaa akavumilia misukumo miwili. Wa tatu ulipokuja akauondoa mwili wake, basi. Kijana akaenda chini na mpira wake, uwanja mzima ukacheka. Jamaa akampa mkono kumwinua, akamwambia, "Mdogo wangu, ukiniegemea nakuachia."

Wengi wa watu hawa hawakuichagua kazi hii. Mvulana wa mita 1.92 ndiye mrefu kuliko wote shuleni kwao, basi mwalimu anamweka chini ya ringi. Miaka minne anajifunza kucheza akiupa mgongo ringi. Akifika ligi kuu anakuta klabu imeleta mgeni wa mita 2.08, naye anaambiwa ajifunze kuwa fowadi. Siwalaumu makocha, timu inayoutaka ubingwa wa BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, haiwezi kupuuza urefu. Lakini hapo ndipo wanapochujwa, na anayebaki chini ya ringi kwa kawaida ni yule aliyejua kuona pasi.

Senta wa aina hiyo aliushtua ulimwengu wa kikapu mwaka 2015. Golden State walikuwa nyuma 2–1 dhidi ya Cleveland katika fainali ya NBA. Mchezo wa nne kocha Steve Kerr akamtoa senta wake Andrew Bogut katika kikosi cha kwanza, akamwingiza Andre Iguodala, na Draymond Green wa mita 1.98 akabaki kumkabili Timofey Mozgov wa mita 2.16. Mozgov alifunga pointi 28 usiku ule. Golden State walishinda 103–82. Mchezo uliofuata Mozgov alichezeshwa dakika tisa tu, na ubingwa ukaenda California. Nani alimshinda nani hapo? Green hakumzuia kufunga. Alimfanya awe ghali. Kila mrefu alipofunga upande huu, alitakiwa kukimbia kurudi upande ule kuwakaba watu watano wanaopiga pasi na kutupa kutoka mbali, na miguu haikutosha.

Wapo waliotangulia, kama Wes Unseld wa mita 2.01, aliyekuwa mchezaji bora wa NBA katika msimu wake wa kwanza kabisa, wa 1968–69, na aliyesifika kwa kudaka ribaundi na kurusha pasi ndefu ya mbele kabla wapinzani hawajageuka.

Lakini Kigali si California. NBA humkataza mlinzi kukaa ndani ya eneo la ringi zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu. FIBA haina katazo hilo, kwa hiyo mrefu wetu anaweza kujiegesha chini ya ringi jioni nzima. Tena mpira ukishagusa chuma anaruhusiwa kuupangusa. Kwa sheria hizi, senta mfupi asiyeweza kumtoa huko kwa kutupa kutoka mita 6.75, kwenye mstari wa pointi tatu, ni mzigo kwa timu yake, hata awe na nyonga za chuma.

AfroBasket ya 2021, mashindano ya mataifa ya Afrika yaliyochezwa hapa hapa, ilituonyesha pande zote mbili: mfupi anapoweza na anapokwama. Uganda walikuwa na Ishmail Wainright, mita 1.96, fowadi kwa jina lakini mwenye mwili wa kusimama na yeyote. Chuoni Baylor alicheza pia futiboli ya Kimarekani, mchezo wa watu wanaogombea nusu hatua ya ardhi kwa mabega. Wakaitoa Nigeria 80–68. Robo fainali wakakutana na Cape Verde ya Walter Tavares, mita 2.20, ambaye hana haja ya kuruka ili kuharibu shuti. Safari ya Uganda ikaishia hapo. Kuna urefu ambao ujuzi huupunguza tu, hauufuti.

Ningepewa kalamu ya meza ya takwimu, ningeongeza safu moja: mara ngapi mrefu aliomba mpira asipewe, kwa sababu kuna mtu alikuwa amesimama pale kabla yake. Mikataba ya wafupi ingepanda bei, na wahasibu wa klabu wasingenikaribisha tena mezani.