Mkasi wa Mhariri ni Amana



Kila aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu anajua kuwa kusoma Qur'ani si kutamka herufi tu. Ni pamoja na kujua mahali pa kusimama. Ndiyo maana ndani ya misahafu kumewekwa alama za waqfu. Mimu ndogo humwambia msomaji kuwa hapa hana budi kusimama, na lamu-alifu humwonya asisimame. Mfano ulio mashuhuri ni aya ya 43 ya Suratun-Nisaa, inayomkataza mlevi kuikaribia sala mpaka ayajue anayoyasema. Akija msomaji akasimama kabla ya kuutaja ulevi, katazo litawaangukia watu wote, na sala yenyewe itakuwa haramu! Msomaji huyo hakuongeza herufi wala hakuzua neno. Amesimama pasipo mahali pake tu, na kwa kusimama huko ameipindua hukumu.

Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu nataka tuzungumze juu ya kazi moja inayoamua mengi katika fikra zetu, nasi hatuiulizi lolote. Ni kazi ya wahariri wa picha za sinema na televisheni, wale ambao vijana huwaita maedita. Mpiga picha huleta saa nyingi za picha. Mhariri ndiye anayeamua kipi kibaki, kipi kitupwe, na kipi kifuate baada ya kipi. Tunamsifu mwigizaji, tunamlaumu mtangazaji, walakini aliyeshika mkasi hatumjui hata kwa jina.

Nguvu ya kazi hii ilijulikana zamani. Katika miaka iliyofuata mapinduzi ya Urusi ya 1917, mwalimu mmoja wa sinema wa Moscow, Lev Kuleshov, alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mtulivu usio na furaha wala huzuni. Akaiunganisha na picha ya sahani ya supu, kisha na ya maiti ndani ya jeneza, kisha na ya mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu sana mwigizaji yule: tazama anavyoitamani supu, tazama anavyomlilia maiti! Na uso ulikuwa ule ule.

Tuyalete haya nyumbani. Mpige picha mzee wa Chamwino aliyeketi kimya chini ya mbuyu. Ukimfuatishia picha ya vichala vya zabibu za Hombolo, mtazamaji ataona mkulima aliyetosheka na mavuno yake. Ukimfuatishia ardhi kavu iliyopasuka, ataona mtu aliyekata tamaa anayengoja chakula cha msaada. Na huenda mzee mwenyewe alikuwa akimngoja mjukuu wake tu arudi kisimani. Je, sisi wa nyanda hizi za kati tumeonyeshwa mara ngapi kwa wenzetu kwa namna hiyo ya pili?

Wala usidhani kuwa mkasi huu uliletwa kwetu na televisheni. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na sisi wa bara tukakaa bila kituo chetu hata 1994. Lakini kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walikuwa wamekwisha tengeneza filamu 35 za kumfundisha Mwafrika. Kisha mwaka 1939 ikaundwa idara ya filamu za makoloni, na kiongozi wake, William Sellers, alishika rai kwamba Mwafrika asiyejua kusoma hawezi kufuata picha zinazokatwa upesi. Basi aonyeshwe mambo polepole, moja baada ya jingine, bila ya ufundi mwingi. Angalia, ndugu yangu: kabla picha haijakatwa, mtazamaji alikwisha pimwa akili, na kipimo hicho ndicho kilichouongoza mkasi. Mhariri anayemdharau mtazamaji na mhariri anayemhadaa ni ndugu wawili.

Sasa tuje hapa hapa Dodoma. Tarehe 27 Januari 2016, Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alilitangazia Bunge kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja. Sababu iliyotajwa ilikuwa gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Baadhi ya mambo yangeonyeshwa papo hapo; mengine yangerekodiwa, yakahaririwa, na kutolewa usiku, saa nne hadi saa tano, katika kipindi cha "Leo katika Bunge". Wabunge wa upinzani walipinga vikali, na siku hiyo askari wakaingia ukumbini.

Watu walibishana sana juu ya fedha na siasa, na hayo yana wenyewe. Mimi nalitazama jambo hili kama mwalimu wa kusoma. Kikao cha asubuhi peke yake, kuanzia saa tatu hadi saa saba mchana, ni saa nne. Kukitia katika saa moja ni kuacha robo tatu yake, na kikao cha jioni bado hatujakihesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mbunge anasimama, anaishukuru serikali kwa fedha zilizotengwa kuchimba visima katika jimbo lake, kisha anauliza: fedha hizo ziko wapi, mbona visima havionekani? Mkasi ukipita baada ya shukrani na kabla ya swali, mkulima wa Mpwapwa aliyekesha kumsikiliza mbunge wake atalala akidhani kuwa visima vimechimbwa. Kila neno alilolisikia lilisemwa kweli, naye amedanganyika. Sisemi kuwa kipindi kile kilifanya hivyo. Nasema kwamba kwa kukitazama peke yake, mkulima yule asingekuwa na njia ya kujua kama kimefanya au hakikufanya.

Huenda msomaji akasema: basi dawa ni kuonyesha kila kitu moja kwa moja. Hapana shaka hilo lina manufaa makubwa, kwani anayeona yote ni vigumu kumficha. Lakini hata matangazo ya moja kwa moja yana mkasi ndani yake, kwa kuwa kuna mtu anayechagua kamera ipi itazame nani. Uingereza walipoingiza kamera katika Bunge lao la makabwela mwaka 1989, waliweka masharti: msemaji aonyeshwe kichwa na mabega, na zogo likizuka, kamera imrudie Spika. Watazamaji waliona kikao papo hapo, ila zogo lenyewe hawakuliona.

Wala haifai kusema kuwa kuchagua ni dhuluma. Kuchagua ni elimu. Imepokewa kwamba Imamu Bukhari aliitoa Sahihi yake katika hadithi zipatazo laki sita, na zilizomo kitabuni, pamoja na zinazokaririwa, ni kiasi cha elfu saba. Aliacha nyingi mno kuliko alizochukua! Mbona basi umma ukamwamini? Kwa sababu kila aliyoichukua aliiwekea sanad, fulani kutoka kwa fulani, na sharti zake zikajulikana na wanavyuoni wakazipima. Alichagua mbele ya macho ya watu.

Basi haya ndiyo tunayoyataka kwa wahariri wa picha. Kwanza, wajue waqfu: maneno ya mtu yasikatwe mahali ambapo maana yake hupinduka, na uso wa msikilizaji anayesinzia saa tano usibandikwe juu ya hotuba iliyotolewa saa tatu. Pili, wajulikane. Huko Marekani wahariri wa sinema wana chama chao, American Cinema Editors, tangu 1950, na mwanachama huandika herufi za chama baada ya jina lake, kama fundi anayetia alama kwenye kazi yake. Mwenye jina huona haya. Tatu, asili ihifadhiwe na ipatikane. Kwa upande wa Bunge tunayo Hansard, taarifa rasmi inayoandikwa kikao kwa kikao. Hiyo ndiyo mizani ya kupimia kila kipande cha picha kilichotoka ukumbini. Bahati mbaya wengi wetu tuna wakati wa kutazama, hatuna wakati wa kusoma.

Na usidhani, ndugu msomaji, kuwa maneno haya ni ya wakubwa wa studio peke yao. Leo mkasi umo mfukoni mwa kijana wa Majengo na wa Kondoa. Khutba ya saa nzima hukatwa kwa simu ikawa nusu dakika, ikaenea mji mzima kabla ya laasiri, na heshima ya mtu ikaenda nayo. Aliyeikata hana jina. Aliyeisambaza husema, "Nimetumiwa tu." Lakini katika elimu ya hadithi, mwenye kupokea na kupokeza ni mmoja katika wapokezi, naye huulizwa ukweli wake kama wanavyoulizwa waliomtangulia.

Kwa hiyo kipande kikikufikia, kabla hujakasirika na kabla hujakituma kwa mwenzio, uliza: ni nani aliyekikata, na mwenye maneno alisema nini kabla na baada ya hapa? Ukikosa jibu, kizuie kwako. Na wewe mwalimu mwenzangu, unapowafundisha watoto alama za waqfu, waambie kuwa alama hizo zina kazi hata nje ya msahafu.

Wabillahi tawfiq.