Kusoma Grini: Yanayotangulia Msukumo

Mchezaji wa gofu hupimika vizuri zaidi kabla hajafanya lolote. Mpira uko kwenye grini, shimo liko hatua sita mbele, na fimbo ya kusukumia bado iko kwapani. Mwenye jicho haangalii mikono yake. Anaangalia miguu na macho: mchezaji anapita wapi, anachuchumaa upande gani, anamaliza lini. Muda huo mfupi unatosha kumtenga anayejua na anayebahatisha, hata kama leo mpira wa mbahatishaji utaingia na wa fundi utapita pembeni.

Sehemu hii ya mchezo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Kwenye uwanja wa mashimo 18 unaohesabiwa mapigo 72, mapigo 36 yametengewa grini, yaani lile eneo la nyasi fupi kabisa linalozunguka shimo. Shimo lenyewe lina kipenyo cha milimita 108, kipimo kilichoingizwa kwenye sheria na klabu ya St Andrews mwaka 1891. Mpira una kipenyo cha karibu milimita 43. Nafasi ipo, lakini mwinamo mdogo usioonekana unatosha kuila yote.

Msomaji wa Bunia, huko Ituri, anaweza kuuliza haya yanamhusu nini, maana Bunia ni mji wa mpira wa miguu. Nchini Kongo gofu hutajwa zaidi Kinshasa na Lubumbashi. Hata hivyo, kwa mtu wa Ituri viwanja vya Uganda ndivyo vilivyo jirani. Anayevuka mpaka Mahagi anaweza kufika Arua, penye uwanja wake. Anayeshuka kwa ndege Entebbe anaukuta mwingine kando ya Ziwa Viktoria, na akiendelea hadi Kampala ataukuta uwanja wa Uganda Golf Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1908, umelala kwenye bonde la Kitante kati ya Kololo na Nakasero. Mgeni wa namna hii hachezi kila wiki. Hawezi kuzijua grini kwa kichwa kama mwenyeji, wala hana kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo, aliyemzoea miaka mingi. Anachoweza kutoka nacho nyumbani ni utaratibu: mambo machache, yaleyale, kwa mpangilio uleule, kila mara kabla ya kusukuma.

Utaratibu ulio bora huanza mbali. Mchezaji akiwa bado mita thelathini kutoka kwenye grini, huiona yote kwa mara moja, na hapo ndipo mwinamo mkubwa unapojitokeza. Akishakanyaga nyasi zenyewe ataona vijibonde na kusahau kilima. Swali la kujiuliza ni moja: mvua ikinyesha sasa hivi, maji yataelekea upande gani? Wajenzi wa grini huepuka maji yanayotuama, kwa hiyo kila grini ina mlango mmoja au zaidi wa kutolea maji, na mpira unaopoteza nguvu huelekea huko. Mkazi wa Bunia aliyeona mvua ya Aprili ikikimbilia mto Nyamukau hahitaji kufundishwa swali hilo. Anahitaji tu kukumbuka kujiuliza.

Kuna kanuni ya zamani inayosema mpira huvutwa na ziwa na husukumwa na mlima. Ina ukweli wa nusu. Ardhi ya Entebbe kwa jumla huinamia ziwani, lakini mjenzi anaweza kuinua upande mmoja wa grini kinyume na ardhi inayoizunguka, na mpira huitii ardhi iliyo chini yake, si maji yaliyo mbali. Kanuni hiyo ina faida pale tu macho yanaposhindwa kuamua.

Wanaoyajua haya kwa undani mara nyingi ni makedi. Mfano maarufu unatoka Augusta, Marekani, ambako Carl Jackson, kedi wa klabu ya huko, alimbebea mfuko Ben Crenshaw aliposhinda mashindano ya Masters mwaka 1984, na tena mwaka 1995. Crenshaw alikuwa miongoni mwa wasukumaji bora wa zama zake, na bado alimtegemea mtu aliyezitembea grini hizo tangu ujana wake. Kwa hiyo mgeni Kitante au Entebbe akipata kedi wa hapo, amuulize mapema, na amuulize swali la maana. "Inapinda kwenda wapi?" ni swali la kawaida. Lenye faida zaidi ni hili: "Ni wapi hapa wageni hudanganyika?"

Baada ya macho, miguu. Mark Sweeney, Mmarekani aliyeanzisha mfumo wa AimPoint, amewafundisha wachezaji wengi wa kulipwa kusimama katikati ya njia ya mpira, miguu imeachana, na kuhisi ni unyayo upi unaobeba uzito zaidi. Mbinu hii imeenea kwa sababu macho hudanganywa na miti, vilima na majengo, ilhali nyayo hazioni vitu hivyo. Kinachofaa kuchunguzwa kwa mchezaji anayeitumia ni kama anasimama hasa kwenye njia ya mpira wake mwenyewe bila kukanyaga njia ya mwenzake, na kama anasimama karibu na shimo. Mpira hupinda zaidi unapopungua mwendo, kwa hiyo hatua mbili za mwisho zina uzito kuliko nne za mwanzo. Anayesoma vizuri sehemu ya mwanzo na kupuuza ya mwisho amesoma kidogo.

Kisha anachuchumaa. Wengi huchuchumaa nyuma ya mpira tu. Fundi hupita pia upande wa chini wa mteremko, kwa sababu ukiwa chini unaona mwinamo umekuinukia usoni, na ukiwa juu huo mwinamo unajificha. Tabia ya kuninginiza fimbo mbele ya jicho kama timazi inapendeza kutazama, lakini matokeo yake hutegemea mtu amesimama wapi na jicho gani ndilo lenye nguvu. Wengi wanaoifanya hawajui hayo, na mwandishi huyu haihesabu kuwa dalili ya ujuzi.

Sasa kuna jambo ambalo ndilo kiini cha kazi yote. Mwendo huamuliwa kwanza, mstari baadaye. Kwenye mwinamo, mpira unaosukumwa kwa nguvu hupinda kidogo na wa polepole hupinda sana, kwa hiyo hakuna mstari mmoja wa kweli unaosubiri kugunduliwa; kila mwendo una mstari wake. Mchezaji anayeonyesha kwa kidole "hapa" kabla hajaamua mpira ufike shimoni na nguvu gani, anakisia. Hata ukubwa wa shimo hubadilika kwa mwendo. Hesabu za fizikia zinaonyesha kwamba mpira unaopita katikati kabisa unaweza kutumbukia ukiwa na mwendo wa hadi mita 1.6 hivi kwa sekunde. Unaogusa ukingo sharti uwe unakaribia kusimama. Dave Pelz, aliyefanya kazi NASA kabla ya kuufanya usukumaji kuwa utafiti wake, alipendekeza nguvu ambayo, shimo lingezibwa, mpira ungepita mbele yake kwa sentimita 43 hivi. Wapo wanaopenda mpira ufe mlangoni. Njia zote mbili zinakubalika. Kasoro ni kuchanganya: kuchagua mstari wa mpira wa polepole, halafu kuupiga kwa hofu ya kufika pungufu. Pelz pia aligundua kwamba wachezaji wa kawaida huona mpindo mdogo kuliko uliopo, ndiyo maana mipira yao mingi hupotelea upande wa chini wa shimo.

Mwendo wa grini yenyewe hupimwa kwa kifaa kilichobuniwa na Edward Stimpson mwaka 1935: mfereji wa alumini unaoinuliwa hadi mpira ujiachie, kisha umbali wake unapimwa kwa futi. Mgeni hana kifaa hicho, ila ana umande na mvua. Grini ya saa moja asubuhi huenda polepole kuliko ileile saa sita, na ya baada ya mvua hupunguza mpindo pia.

Nyasi nazo zina kauli. Katika viwanja vyetu vya joto nyasi nyingi hulala upande mmoja. Ukitazama zikikuelekea hukuonyesha giza. Zikiwa zimekupa mgongo hung'aa, na mpira unaofuata mng'ao huenda mbali zaidi. Mashaka yakibaki, fundi huinama juu ya shimo: upande ambao ukingo umechakaa na kukauka ndiko nyasi zinakolala. Huo uchunguzi wa sekunde tano ni dalili njema kuliko kuchuchumaa mara tatu.

Yote haya yakiisha, hupimwa jambo la mwisho: je, utaratibu haubadiliki? Sheria inashauri pigo lifanyike ndani ya sekunde 40 tangu zamu ya mchezaji ifike. Mwenye kazi nzuri hafiki huko, kwa kuwa usomaji mwingi ameufanya wengine wakicheza. Mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza mwaka 1967, ni darasa zuri kwa mtazamaji mwenye saa mkononi: ahesabu muda na mazoezi ya fimbo kwenye shimo la pili, kisha kwenye shimo la 17 ambako pesa ipo. Asiyeyumba atatambulika. Pia atatambulika anayeondoka kwenye mpira akisumbuliwa na kelele na kuanza upya badala ya kusukuma kwa shaka. Tangu 2019 kedi haruhusiwi kusimama nyuma ya mchezaji kumlenga anapojipanga, na tangu 2022 mashindano makubwa yamezuia vijitabu vyenye ramani za kina za mteremko. Macho na nyayo za mchezaji mwenyewe vimerudi kazini.

Mazoezi ya usomaji huu yanawezekana Bunia bila unyasi hata mmoja. Ua wa saruji unatosha, pamoja na duara la karatasi la sentimita 10.8 na bomba la plastiki linaloonyesha ndani, lile ambalo waashi hulijaza maji kupata usawa wa msingi. Mtu asimame, ahisi nyayo zake, aseme kwa sauti asilimia ya mteremko anayodhani, halafu apime: katika mita tano, tofauti ya sentimita 5 ni asilimia 1, ya sentimita 10 ni asilimia 2. Karibu na shimo, asilimia 1 hadi 3 ndiyo atakayokutana nayo mara nyingi. Akifika Arua au Kitante, aanze kwenye grini ya mazoezi na kusukuma mipira mitatu bila kulenga shimo lolote, kutoka ukingo hadi ukingo, mpaka aujue mwendo wa siku hiyo.