Baro ya kwetu: sharti lenye halijaandikwa njo linafunga mlango

Vijana wenzangu, mtu akituuliza nini inatakikana ili kuwa avoka mu Kongo, wote tunajibu haraka: diploma ya sheria, staji ya miaka 2, kiapo. Jibu hilo si uongo. Lakini linaficha jambo kubwa kuliko yale linayosema, na njo maana nimeamua kuandika.

Tuanze na maandishi yenyewe. Baro yetu inatawaliwa na Ordonnance-loi n° 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979, sheria ya wakati wa Zaïre. Masharti yake si mengi. Uwe Mukongomani; mugeni anaweza kukubaliwa kama inchi yake nayo inawakubali watu wetu. Uwe na lisansi ya sheria ao diploma yenye kulingana nayo. Usiwe umehukumiwa kwa matendo yenye kuvunja heshima na uaminifu. Ukishakubaliwa, unaandikwa kwenye liste ya staji, unakula kiapo mbele ya Cour d'appel, unafanya miaka 2 chini ya patron, kisha Conseil de l'Ordre inakuandika kwenye tableau. Ukisoma hivi unasema: mlango uko wazi kwa kila mtoto mwenye kusoma.

Kosa la kwanza ninaloliona liko mu maneno. Wakati ile sheria inaandikwa, lisansi ilikuwa miaka 5: 3 ya gradua na 2 ya kumalizia. Mwenye gradua peke yake alielekea kwa ma-défenseurs judiciaires, wenye kutetea watu mbele ya matribinali ya chini. Sasa mfumo wa LMD, ulioenezwa mu vyuo vyetu tangu mwaka wa masomo 2021-2022, umebadilisha kila kitu: lisansi ni miaka 3, kisha masta. Gradua inakufa. Maana yake, neno lenye kubeba uzito wote wa sheria ya baro limebadilika maana, na sheria yenyewe imebaki pale pale. Mwenye lisansi mpya ya miaka 3 anaweza kusema: mimi niko na diploma yenye sheria inataja. Batonye naye atajibu: hapana, sheria ilitaka masomo ya miaka 5. Wote wawili wako na sababu. Kazi ya mutunga sheria ni kuondoa bishano kama hilo mbele halijafika. Kumuachia kila batonye akate shauri kwa akili yake ni kuwaonea watoto wa watu.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa iko kwa staji.

Mimi sipingi staji. Mtu aliyetoka auditoire na notes zake hawezi siku ile ile kushika dosie ya mtu mwenye kufungwa. Kuandika conclusions, kuongea na mteja mwenye hofu, kujua greffe inafanya kazi namna gani, hayo yote yanajifunzwa kwa kumufuata mukubwa. Tatizo ni kwamba sheria inakulazimisha uwe na patron, na haisemi kijana asiye na mtu wa kumujua atamupata wapi. Haisemi pia atakula nini kwa miaka 2.

Mu kabine moja yenye sitaitaja, niliona stajere wanne kwa meza moja. Hakuna hata mmoja aliyepewa franga ya transport. Mmoja alikuwa anatembea kwa miguu toka kwao mpaka tribinali, na koti lake mu sachet ili lisichafuke vumbi. Siku alipoomba kitu kidogo, aliambiwa: "Sisi pia tulipitia hapo." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na kila mara linanikasirisha. Kuteswa kwako jana si sababu ya kumutesa mwingine leo.

Basi hesabu ni hii. Mtoto wa magistra, wa avoka ao wa mufanyabiashara anapata patron kwa simu moja, na nyumbani wanamulisha miaka 2. Mtoto wa mulimaji wa Fizi ao wa Kongolo, mwenye distinction, anazunguka na CV yake, analipa frais za kujiandikisha ambazo zinabadilika toka baro moja mpaka ingine, kisha anachoka na kuenda kufundisha shuleni. Hakuna aliyemufukuza, na barua ya kumukataa haipo. Njo vile mlango unafungwa kwetu, polepole, bila kelele.

Wengine watasema: basi tuweke mtihani mmoja wa inchi yote, mwenye akili apite. Tuangalie penye walifanya hivyo. New York, Marekani, masharti yanajulikana mpaka kwa nukta: mwenye diploma ya mfumo kama wetu anaongeza masomo ya LL.M. ya krediti zisizopungua 24 mu chuo cha kule, anafanya mtihani na kupata alama 266 kwa 400, anafanya mtihani wa maadili, anatoa masaa 50 ya kazi ya bure, kisha tabia yake inachunguzwa. Kijana wa Lubumbashi anaweza kusoma yote hayo kwa simu yake, bila kumujua mtu. Hapo wanatushinda. Lakini ile LL.M. inakula franga ambazo familia nyingi za kwetu hazitazishika maisha yote. Na jirani yetu Tanzania, mwaka 2022, matokeo ya Law School yalitikisa inchi: kwa watahiniwa 633, waliopita moja kwa moja walikuwa 26. Mtihani nao unaweza kuwa ukuta. Unaondoa upendeleo wa ndugu, hauondoi umaskini wala mafundisho mabaya.

Kwa hiyo mimi siombi tuige mtu. Naomba mambo manne, na hakuna hata moja lenye kushinda uwezo wetu. Kila baro ibandike wazi frais zake na tarehe zake. Kila baro iwe na liste ya mapatron wenye nafasi, na mwenye kukosa apewe patron na batonye, asiachwe kuomba mlango kwa mlango. Patron mwenye kumutuma stajere tribinali alipe transport yake, hilo liwe sheria, isiwe huruma. Na sheria ya 1979 itaje miaka ya masomo, maana majina ya diploma yanabadilika.

Najua jibu la wakubwa: maavoka ni wengi sana, kazi ni kidogo, tukifungua zaidi tutakufa njaa wote. Wengi, lakini wapi? Wako Kinshasa na Lubumbashi, penye Cour d'appel na wateja wenye kulipa. Toka ndani ya territoire, utatembea siku mbele ya kumuona avoka mmoja. Kifungu cha 19 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusaidiwa na mtetezi wa uchaguzi wake. Mu gereza, mtu asiye na franga anatetewa na nani? Mara nyingi ni stajere, kwa pro deo. Yule yule tusiyemulipa transport. Akikosa kufika siku ya audience, dosie inaahirishwa, na mtu anarudi kulala chini mu selile mwezi mwingine.

Njo maana nakataa kuita hii shida ya vijana wenye kutafuta kazi. Tukimuzuia mtoto wa mulimaji kuingia baro, tunamunyima mulimaji mwenyewe avoka mwenye kuongea luga yake na kujua njia ya kwao. Ninyi wenye mutakula kiapo mwaka huu, kumbukeni jambo moja: baada ya miaka kumi ninyi njo mutakuwa mapatron. Stajere wenu wa kwanza atakapoomba franga ya taksi, mutamujibu nini?