Meza Isiyomeza

Sisi tuliokulia kwenye puli ya mtaani tunaamini utamu wa mchezo ni ule mlio wa mpira ukitumbukia shimoni. Meza ya karambola haina shimo hata moja. Ina mipira mitatu: mweupe wako, wa njano wa mwenzako, na mwekundu usio na mwenyewe. Kazi yako ni kuupiga wako uiguse ile miwili. Katika aina ninayoihusudu kuliko zote, ya kingo tatu, mpira wako sharti ugonge kingo mara tatu au zaidi kabla haujaufikia mpira wa pili.

Tazama pigo lake la kila siku. Mpira wa kwanza huupigi usoni. Unaulenga ubavuni, nusu kwa nusu. Ncha ya fimbo, iliyopakwa chaki, inagusa kando ya kitovu cha mpira wako, nao unaondoka huku unajizungusha. Ukigonga ukingo, mzunguko ule unaupanulia njia: ukingo mrefu, mfupi, mrefu tena, kisha polepole kuelekea konani ambako mpira wa pili unangoja. Mfaransa Coriolis aliandika kitabu kizima cha hisabati juu ya mizunguko hiyo mwaka 1835, na sioni kwamba alipoteza muda.

Hesabu ya mchezaji ni nyepesi zaidi. Alama za kwenye mbao za pembeni zinagawa upande mrefu sehemu 8, na mfupi sehemu 4. Kila alama hupewa namba. Ukianzia konani, una 50. Ukitaka ukingo wa tatu uguswe penye 20, toa 20 kwenye 50, lenga 30 kwenye ukingo wa kwanza. Mbelgiji Raymond Ceulemans, bingwa wa dunia wa kingo tatu zaidi ya mara 20, aliziandikia kitabu hesabu za namna hii. Lakini kitambaa kipya cha meza huteleza, na unyevu hukiharibu. Ndiyo maana bamba la jiwe lililo chini yake hupashwa moto. Namba inakufikisha mlangoni, mkono ndio unaobisha hodi.

Mchezo huu si wa mbali nasi kama unavyoonekana. Katika karne ya 19 mipira yake ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa ulaini wake. Zilishuka hadi Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, zikavuka hadi Unguja, zikaenda ng'ambo. Leo mipira ni ya plastiki ngumu, nami nashukuru kwa dhati.

Fundi anayepata pointi anaendelea kupiga, kutoka pale pale mipira ilipotulia. Hakuna anayempangia upya. Ndiyo maana, kabla ya kuinama, huizunguka meza kimya, akiangalia pigo hili litamwachia nini.