Mpigaji Ndiye Aende Dukani: Jinsi Gitaa la Solo Linavyochaguliwa Nyanda za Juu

Namna ya kununua gitaa la umeme katika kwaya na vikundi vingi vya muziki, kuanzia Iringa mjini hadi Mbeya, inafanana mno. Michango inakusanywa, kamati inakaa, kisha fedha anakabidhiwa yule mwenye safari ya Dar es Salaam. Akifika Kariakoo anachagua kwa macho: rangi inayong'aa, jina la kampuni lililoandikwa kichwani, bei isiyovuka bajeti. Mpigaji analishika gitaa kwa mara ya kwanza siku ya makabidhiano. Kiangazi hakiishi kabla malalamiko hayajaanza. Halikai kwenye tyuni, nyuzi zinagonga freti, yaani vile vyuma vilivyokatiza shingo, spika inavuma hata wimbo haujaanza.

Gitaa linalaumiwa, na mara nyingine mpigaji naye analaumiwa. Mimi naona kasoro iko kwenye mpangilio wa uamuzi. Gitaa la solo huchaguliwa kwa kuanzia na kazi litakayofanya, halafu pikapu, halafu shingo, halafu umeme wa mahali litakapopigwa. Jina na rangi vinakuja mwisho kabisa. Na anayeweza kuyapima yote hayo kwa pamoja ni mmoja tu, yule atakayelipiga.

Vyombo vya mwajiri

Mazoea haya yana historia. Bendi nyingi kubwa za dansi zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima, Vijana Jazz ya jumuiya ya vijana wa chama. Iringa ilikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, iliyowika miaka ya 1980 kwa sauti za mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Humo ndimo alimopita John Kitime, mpiga gitaa na mwimbaji ambaye baadaye alifahamika zaidi na Kilimanjaro Band, wana Njenje.

Katika bendi za namna hiyo vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpigaji akihama, gitaa linabaki. Anakokwenda anakuta jingine, zuri au bovu, na Jumamosi lazima watu wacheze. Wapigaji wa kizazi kile walijifunza kukilazimisha chombo chochote kitoe sauti waliyoibeba kichwani. Tunawaheshimu kwa hilo, lakini tusichukue shida yao tukaifanya utaratibu. Tukisikiliza kwa makini walichokuwa wanakitafuta, tutajua gitaa la kununua leo.

Walichokuwa wanakitafuta

Sikiliza rekodi yoyote nzuri ya dansi iliyotengenezwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Magitaa yanapiga kwa wakati mmoja, juu yake kuna tarumbeta, saksafoni na waimbaji watatu au wanne, lakini kila gitaa unalisikia peke yake. Besi inakaa chini. Rithimu inakaa katikati, inarudia mkato wake bila kuchoka. Solo ya pili inajaza mapengo. Solo yenyewe inapanda juu ya shingo, mara nyingi kati ya freti ya 5 na ya 15, na kwenye sebene, ile sehemu ya kuchezesha watu, inarudia kipande kifupi mpaka miguu ya watu ikubali.

Solo ya namna hii haipenyi kwa nguvu ya sauti. Ukiipandisha sana unazima waimbaji. Inapenya kwa ung'avu: noti inaanza kwa mkato, inasikika safi, inapisha inayofuata. Mbaraka Mwinshehe, akiwa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alipiga na kuimba, na gitaa lake lilijibizana na sauti yake bila kuifunika. Hapo hakuna muungurumo mzito wa roki, wala uzi hauvutwi pembeni mara kwa mara ili noti ilie.

Kuna jambo la pili ambalo wanunuzi hulisahau. Solo ya dansi, na ya kwaya zetu zilizorithi mtindo huo, hupenda kupiga nyuzi mbili kwa pamoja, noti moja na mwenzake wa tatu au wa sita, zikitembea sambamba juu ya shingo kama waimbaji wawili wa sauti ya kwanza na ya pili. Noti moja ikipotoka kidogo, sikio linasamehe. Mbili zikipotoka kwa viwango tofauti, kila muumini ndani ya kanisa anajua kuna kitu hakiko sawa, hata kama hawezi kukitaja. Kwa hiyo usahihi wa noti huko juu ndicho kipimo kikuu cha gitaa la solo katika muziki wetu.

Pikapu na urefu wa uzi

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake unavuruga uga wa sumaku, na umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Sauti ya gitaa la umeme la mbao nzima inategemea zaidi njia hii, pamoja na nyuzi, mkono na spika, kuliko mbao za mwili wake.

Zipo aina mbili kuu. Pikapu ya koili moja, kama zile tatu zilizomo kwenye Fender Stratocaster tangu lilipotoka mwaka 1954, inatoa sauti nyembamba na ng'avu. Ubaya wake ni kwamba inanasa pia mvumo wa umeme wa nyumba. Pikapu ya koili mbili, ambayo Gibson walianza kuifunga kwenye Les Paul mwaka 1957, imepangwa ili mvumo wa koili moja ufutwe na mvumo wa nyingine. Inakuwa kimya na nene, lakini ung'avu wa juu unapungua.

Urefu wa uzi nao una neno lake. Kwenye Stratocaster, kutoka kichwani mwa shingo hadi kwenye briji, pale nyuzi zinapokalia mwilini, ni milimita 648. Kwenye Les Paul ni kama 628. Nyuzi za unene uleule, zikiwekwa kwenye tyuni ileile, zinadai mkazo mkubwa zaidi pale zilipo ndefu, na mkato wa noti unakuwa safi zaidi. Anayevuta nyuzi pembeni atauona mkazo huo kuwa mzigo. Anayepiga noti mbili mbili zilizonyooka anaufaidi.

Ndiyo maana kwa kazi hii nalipenda gitaa la muundo wa Stratocaster kuliko mengine yote, na sina maana ya lile la bei kubwa lenye jina la Fender. Yamaha Pacifica nyingi zimefuata muundo unaokaribiana na huo, na mengine mengi yasiyo na jina kubwa pia. Ninachokitafuta ni koili moja karibu na shingo, koili moja katikati, na swichi ya nafasi tano. Swichi ikiwa nafasi ya pili au ya nne, pikapu mbili zinafanya kazi pamoja. Katika magitaa mengi ya sasa ile ya katikati imezungushwa kinyume, hivyo mvumo unafutika na ung'avu unabaki. Nafasi ya nne, inayounganisha pikapu ya katikati na ya shingoni, inanipa sauti ya duara yenye mkato ambayo masikio yetu yanaitambua mara moja kuwa ni ya dansi.

Gitaa linapopanda Kitonga

Sehemu ya gitaa inayoteseka zaidi kwetu ni shingo. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu wa bahari, na mbao iliyokaa stoo huko imeshaunywa. Gitaa linapakiwa kwenye basi, linapita Mikumi, linapanda mlima wa Kitonga, na siku hiyohiyo liko Iringa, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, au limeendelea kupita Mafinga na Makambako hadi Mbeya, penye mita 1,700 hivi. Kuanzia Mei hadi Oktoba huku mvua ni adimu, usiku ni baridi na hewa ni kavu.

Mbao inakauka na kusinyaa kwa upana. Freti ni chuma, hazisinyai. Baada ya wiki kadhaa ncha za freti zinachungulia pembeni mwa shingo, na ukiteleza mkono kutoka freti ya kwanza kwenda ya kumi na mbili zinakwaruza kiganja kama msumeno butu. Wakati huohuo shingo inanyooka kupita kiasi na nyuzi zinaanza kugonga freti. Mvua za Novemba zikirudi, shingo inainama mbele na nyuzi zinapanda juu.

Dawa ipo ndani ya shingo yenyewe. Magitaa karibu yote ya kisasa yana fimbo ya chuma humo, inayokazwa kwa ufunguo wa pembe sita. Ukikaza, shingo inarudi nyuma. Ukilegeza, inainama mbele. Kanuni ni robo mzunguko, kisha subiri hadi kesho yake ndipo uangalie tena. Gitaa lililotoka pwani liache lipumzike kwenye begi lake wiki mbili hivi kabla fundi hajaligusa, kwa sababu ukilirekebisha siku ya kuwasili unarekebisha shingo ambayo bado inatembea. Ncha za freti hupigwa tupa laini mara moja, na kiganja kinapona.

Ukiwa dukani

Hapa ndipo mpigaji anapothibitisha kwa nini alistahili kusafiri. Ashike gitaa kabla halijachomekwa popote. Abonyeze uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na, kwa mkono wa pili, pale shingo inapoungana na mwili. Uzi sasa ni rula. Atazame freti ya 7 au ya 8: kati ya uzi na freti kuwe na nafasi ndogo ya kupitisha kadi nyembamba. Kusipokuwa na nafasi kabisa, au kukiwa na pengo kubwa, auzungushe mwenyewe ule ufunguo, au amwombe muuzaji. Fimbo isiyozunguka, au iliyokwisha kukazwa hadi mwisho, ni sababu tosha ya kuliacha gitaa, hata liwe zuri namna gani.

Kisha aguse uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, aupige, asikie ile noti nyembamba kama filimbi. Aubonyeze sasa palepale na kuupiga tena. Noti hizi mbili ziwe sawasawa. Ile ya kubonyeza ikiwa juu, kipande kinachobeba uzi huo kwenye briji kirudishwe nyuma ili uzi urefuke. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Afanye hivyo kwa nyuzi zote sita. Dakika chache hizi ndizo zinazoamua kama zile noti mbili mbili za solo zitakubaliana.

Kwa gitaa lililotumika aangalie pia mifereji iliyochimbwa na nyuzi juu ya freti. Gitaa lililopigwa rithimu huchakaa freti tatu za kwanza. La solo huchakaa juu. Briji ya kutikisa kwa mkono, inayoshikiliwa na springi, kwenye magitaa ya bei nafuu hairudi mahali pake vizuri, na uzi mmoja ukikatika katikati ya ibada nyingine zote zinapoteza tyuni. Kwa kazi yetu ni bora briji isiyotikisika. Ikiwa gitaa limekuja na ile nyingine, fundi seremala achonge kipande cha mninga na kukibana kati ya bloku ya briji na ukuta wa tundu lake, nyuma ya gitaa, ili isisogee.

Umeme wa mkutano

Gitaa linaweza kufaulu yote hayo likashindwa uwanjani, kwenye mkutano wa hadhara unaoendeshwa kwa jenereta. Mpigaji akiona mvumo unapungua anapogusa nyuzi, ajue waya wa ardhi ndani ya gitaa umeunganishwa na nyuzi, na hiyo ni dalili njema. Akisikia ganzi au mshtuko midomo yake inapogusa maikrofoni, aache kupiga papo hapo. Mara nyingi maana yake ni kwamba amplifaya na mikisa vimechukua umeme sehemu mbili zenye ardhi tofauti, na mwili wake ndio umekuwa daraja. Vyombo vyote vichomekwe kwenye chanzo kimoja chenye waya wa ardhi, na pini ya tatu ya plagi isikatwe kamwe, hasa nyasi zikiwa na maji.

Mbao zetu

Nyanda hizi zinaweza kutengeneza, si kununua tu. Sampuli ya kwanza ya gitaa la mbao nzima aliyoitengeneza Leo Fender mwaka 1949 ilikuwa na mwili wa paini, na Mufindi kuna shamba la Sao Hill, msitu mkubwa kuliko yote ya kupandwa nchini. Mninga unasifiwa na maseremala kwa kutojikunja, sifa ambayo shingo inaihitaji kuliko nyingine yoyote. Mpingo, mgumu na mzito hadi unazama majini, ni ubao bora wa kupandikiza freti. Biashara yake ya kimataifa ilianza kudhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, Januari 2017, lakini ala za muziki zilizokamilika zililegezewa masharti Novemba 2019. Kijana anayechonga gitaa la galoni kijijini anahitaji vipimo, freti na pikapu. Mbao anazo.

Kwa kamati inayochangisha sasa hivi, ushauri wangu ni mfupi. Nauli ya mpigaji iingie kwenye bajeti kabla ya bei ya gitaa, na fungu dogo libaki kwa fundi wa kiangazi cha kwanza. Gitaa la bei ya kati lililochaguliwa na mkono utakaolipiga, likarekebishwa baada ya kuizoea hewa ya huku, litalishinda la bei kubwa lililochaguliwa kwa rangi. Wapigaji wa bendi za taasisi walitupa muziki mkubwa kwa vyombo ambavyo hawakuulizwa. Hawa wa leo tunaweza kuwauliza, na jibu lao litasikika kila Jumapili kwa miaka mingi.