504 ya rejeta mpya na themostati iliyotupwa

Ile video ya Peugeot 504 iliyobadilishiwa mfumo wa kupooza injini mmeshaiona, kwa hiyo sitaisimulia. Rejeta ya alumini imekaa sawasawa, feni za umeme zina rilei na fyuzi zake, tangi la akiba liko juu ya usawa wa hedi. Kazi safi. Halafu fundi akaiharibu yote kwa tendo moja.

Nasema pale alipofungua nyumba ya themostati, akaichomoa, akaionyesha kwenye kamera na kutamka kwamba hii ni ya Ulaya, huku kwetu joto. Akaitupia kwenye beseni la boliti, akarudisha kifuniko kwa gasketi mpya. Gasketi mpya! Yaani kosa limefanywa kwa uangalifu.

Hoja hiyo ya "huku kwetu joto" nimeipinga katika safu hii mpaka mhariri kanichoka. Themostati ya nyuzi 82 haijui kama iko Dar au Paris. Maji yakiwa chini ya hapo inafunga, yanazunguka ndani ya injini tu. Yakipata moto inafunguka na kuyaachia yaende kwenye rejeta. Joto la Dar, hata likifika nyuzi 33, bado liko mbali sana na 82. Na kama injini inachemsha huku themostati imefunguka, wa kuulizwa ni rejeta, pampu ya maji, feni au gasketi ya hedi. Kuitoa ni kumfukuza mlinzi wa geti kwa sababu mwizi karuka ukuta.

Sisemi kama wasemavyo vijiweni, kwamba maji yakipita upesi kwenye rejeta hayapoi. Hilo ni porojo. Ubaya wenyewe ni ubaridi. Rudini kwenye kipande cha mwisho, gari likiwa barabara kuu: mshale wa geji umelala chini, na fundi anajisifu. Mshale ule ndio ushahidi dhidi yake. Oili isiyopata moto wa kutosha haikaushi mvuke wala petroli inayopenya kwenye ringi. Baada ya muda utakuta uji wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, na silivu zinalika kimyakimya. Kisha gari linaingia foleni ya Ubungo, upepo hakuna, maji yanapanda mpaka feni ziwake. Likitoka foleni yanaporomoka tena. Hedi ya alumini, bloku ya chuma, silivu zinazooga majini na kutegemea sili zake huko chini: injini ya namna hiyo ndiyo ya kupandishwa na kushushwa joto kutwa?

Na tuache kuzisifia feni zinazojiwasha kana kwamba ni uvumbuzi wa juzi. 404 na 504 zilishakuwa na feni ya klachi ya sumaku, inayoshika maji yakipata moto na kuachia yakipoa. Waliozitengeneza walijua kwamba kupooza kupita kiasi nako ni hasara. Na 404 hiyo ndiyo aliyoendesha Bert Shankland wa hapa Tanzania akabeba Safari Rally mwaka 1966 na 1967. Nick Nowicki aliibeba 1963 na 1968, na miaka yote miwili magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Nitajieni 504 ya rejeta ya alumini iliyofanya nusu ya hayo.

Hata kule kujaza kwa fundi huyo maji matupu ya bomba mwishoni mwa video, penye chuma na alumini pamoja, kungestahili safu yake.

Themostati mpya haifiki bei ya feni moja kati ya zile mbili. Mwenye gari airudishe, abadilishe oili, amwage maji ya bomba aweke kulanti. Rejeta aiache ilivyo.