Kuunda Baiskeli ya Umeme ya Porini

Baiskeli ya umeme ya porini huanza kwenye hesabu ya kilima. Mwendeshaji na baiskeli yake wakiwa na uzito wa kilo 140 kwa jumla, wakipanda njia inayoinuka mita 20 katika kila mita 100, kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, huhitaji karibu wati 1,500 za kuupandisha uzito huo tu. Mchanga, mawe na upepo hudai zao juu yake. Miguu ya mtu mkakamavu haizidi sana wati 200 kwa safari ndefu. Mota ya wati 250, ambayo ndiyo kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa baiskeli ya kawaida ya umeme barabarani, haifui dafu mbele ya mlima kama huo. Ndiyo maana wako mafundi wanaojiundia zao, zenye kilowati tano au zaidi, kwa ajili ya mashamba na njia zilizo nje ya barabara za umma. Nguvu yenyewe siku hizi hununuliwa bila shida. Kinachostahili sifa ni kazi ya kuituliza ndani ya chombo chembamba bila kukiunguza wala kukivunja.

Wazo la kutia mota ndani ya gurudumu ni kongwe. Desemba 1895 Mmarekani Ogden Bolton Jr. alipewa hataza ya baiskeli yenye mota katika gurudumu la nyuma, ikitumia betri ya volti 10. Mpangilio ule ungali unatumika hadi leo. Kilichoukwamisha ni betri za risasi, nzito mno kwa kazi hiyo. Ilibidi zingojwe seli za lithiamu, ambazo Sony iliziingiza sokoni mwaka 1991, na ambazo ziliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Mota huweza kukaa penye pedeli na kusukuma kupitia mnyororo na giya, au kukaa kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma. Ile ya pedeli hupanda vizuri kwa sababu ya giya, lakini kilowati kadhaa hula mnyororo na meno yake haraka. Ya kitovuni haina cha kulika ila beringi, na haipigi kelele. Udhaifu wake ni kwamba haina giya ya kukimbilia: mlima ukiwa mkali na mwendo ukiwa mdogo, umeme mwingi hugeuka joto. Fundi hujibu kwanza kwa kupunguza gurudumu. Mota ileile, ikitolewa kwenye gurudumu la inchi 29 na kutiwa kwenye la inchi 24, husukuma ardhi kwa nguvu zaidi kwa takriban moja ya tano, na hufikia haraka mizunguko inayoipendeza.

Joto ndilo adui mkuu, na hapa ndipo ufundi huu unapopendeza kuliko popote. Mkondo wa umeme ukiongezwa mara mbili, joto katika nyaya za shaba huongezeka mara nne. Likipita kiasi, rangi inayozihami nyaya huungua, na sumaku za neodimiamu hupoteza nguvu zake zisizirudie tena. Tatizo ni kwamba koili zimo katikati, zimeshikamana na ekseli, na baina yake na ganda la nje kuna mwanya wa hewa, ambayo hupitisha joto kwa shida sana. Dawa yake ni ya werevu mkubwa: mililita chache za mafuta yenye chembe ndogo mno za oksidi ya chuma hutiwa ndani, na sumaku za mota yenyewe huyavuta na kuyashikilia palepale kwenye mwanya. Joto hupata daraja la kuvukia hadi kwenye ganda, ambako mapezi ya alumini huliachia upepo. Kipimajoto kidogo hufukiwa kati ya koili ili mkondo upunguzwe kabla ya madhara.

Nguvu inayosukuma gurudumu mbele huisokota ekseli kinyume kwa kiasi kilekile. Fremu ya kawaida ya alumini haiwezi kuistahimili: nafasi inayoshika ekseli hupanuka, ekseli hujizungusha, na nyaya zinazopita ndani yake hukatika. Kwa hiyo hukatwa vibao vya chuma kinene, vikatiwa tundu la kubana pande bapa za ekseli, na tundu hilo hupigwa tupa kidogokidogo mpaka ekseli iingie kwa kugongwa. Kibao kinacholegea hata kwa unywele hakifai, kwa kuwa kila kuondoka na kila kufunga breki huupanua ulegevu huo.

Betri huchukua muda kuliko kitu kingine chochote, na ni haki yake. Seli ya lithiamu ina volti 3.6 kwa wastani na 4.2 ikijaa. Makundi 20 yakiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 72, au 84 zikijaa, na volti nyingi humaanisha mkondo mdogo kwa nguvu ileile. Kila kundi likiwa na seli kumi za ampea-saa nne, jumla ni seli 200, karibu kilo 14, zenye wati-saa 2,880. Porini, penye kula wati-saa 40 kwa kilometa, hizo ni kilometa 70 hivi. Mkondo wa ampea 80 hugawanyika kwa seli kumi, nane kwa kila moja. Ni heri seli yenye uwezo mdogo wa kuhifadhi lakini inayotoa ampea hizo bila kupata joto kuliko yenye uwezo mkubwa inayohema.

Kopo lote la seli ni hasi, hadi kwenye bega linalozunguka ncha yake chanya, na kinachovitenganisha ni plastiki nyembamba tu. Ndiyo sababu kila ncha chanya huvalishwa pete ya karatasi ngumu ya kuhami, na fundi huvua saa na pete zake za vidoleni kabla ya kugusa kazi. Seli hupimwa moja moja ziwe na volti sawa, la sivyo zikiunganishwa kwenye kundi iliyojaa hujimwaga ghafla ndani ya iliyopungua. Vipande vya nikeli huchomelewa kwa mashine ya pigo la umeme la sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa sababu joto la kulehemu huidhuru seli. Mitikisiko ya mawe hupasua viungo hivyo, kwa hiyo seli hufungwa katika vishikizi zisichezecheze hata kidogo. Seli nyingi za aina hii zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika maeneo ya Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mitaani. Seli inayouawa kwa uzembe ni jasho la wachimbaji lililomwagwa bure.

Kati ya betri na mota hukaa kidhibiti, kinachoukata mkondo mnyoofu na kuugeuza wa awamu tatu. Mwendo ukiwa mdogo, mkondo wa upande wa mota huwa mkubwa mara mbili au tatu kuliko unaotoka betrini. Hapo ndipo penye msukumo wa kuondokea, na hapo ndipo joto huzaliwa.

Fremu ya mabomba ya chuma hushikiliwa kwenye meza ya vyuma isipinde, na huchomelewa kwa nukta, upande huu kisha ule, kwa sababu kila mshono unapopoa huvuta chuma kwake. Sanduku la betri hukaa katikati na chini. Breki huwa za mafuta, zenye diski za milimita 203, kwani chombo cha kilo 50 na zaidi kikiteremka hakisimamishwi na breki za baiskeli ya mjini.

Safari za mwanzo ni za marekebisho. Eksileta hulainishwa ili nguvu ije polepole mwanzoni, maana gurudumu linaloteleza kwenye changarawe halipandi. Kikomo cha mkondo huongezwa kidogokidogo huku kipimajoto kikiangaliwa. Spoku mpya hulegea na kukazwa upya. Volti za makundi yote 20 hulinganishwa baada ya kila safari. Kundi moja likizidi kubaki nyuma ya mengine, betri hufunguliwa na kiungo kilichopasuka kutafutwa.